Damu ya kupima antioksidanti inaharibikia njiani

Mhariri,

Ile makala yenu ya afya kuhusu kupima antioksidanti, yani vile vitu kwenye damu vinavyokinga mwili usiharibiwe na kemikali kali, niliisoma mpaka mwisho, ilikuwa nzuri, ila mmeandika kama vile damu ikishatoka mkononi kazi yote iliyobaki ni ya mashine. Mimi ni mtu wa maabara na nawaambia kiukweli majibu mengi ya aina hii yanaharibika kabla mashine haijawashwa.

Chukua vitamini C. Ikishatoka tu kwenye mshipa inaanza kuisha, na kwenye joto letu hili la Dar ikiachwa mezani masaa machache kiwango kimeshuka. Ndo maana sampuli yake inatakiwa iingie kwenye barafu palepale, ikingwe na mwanga, izungushwe kwenye sentrifuji haraka, plazma, yani maji ya damu yanayobaki juu, ichanganywe na asidi maalum ya kuituliza halafu ikagandishwe kwenye friza la nyuzi 70 chini ya sifuri au baridi zaidi ya hapo. Sasa angalia inavyokuwa vituoni, tyubu iko kwenye trei dirishani inamsubiri bodaboda, bodaboda naye anasubiri tyubu ziwe nyingi ili aende safari moja, anaondoka saa nane mchana na boksi ambalo barafu yake imeshakuwa maji, anakutana na foleni. Majibu yanakuja vitamini C iko chini, mgonjwa anaambiwa ana upungufu na anaandikiwa vidonge vya bei mbaya, kumbe upungufu umetokea ndani ya boksi!

Na msiseme vidonge havina madhara. Finland walishawapa wavuta sigara vidonge vya beta-karotini, antioksidanti nyingine hiyo, kwa miaka kadhaa wakitegemea itawakinga, majibu yalipotoka 1994 waliopewa ndo walikuwa wameugua zaidi saratani ya mapafu.

Kingine kinachotusumbua ni damu kupasuka. Umemfunga mtu mpira mkononi muda mrefu, sindano nyembamba, umevuta kwa nguvu, halafu unaisukuma damu kwenye tyubu kupitia sindano ileile na kuitikisa kama chupa ya dawa ya kikohozi, hapo chembe nyekundu lazima zipasuke tu. Ukishaizungusha unaona kwa macho, plazma nzuri ina rangi ya njano hafifu, hii inatoka pinki, ikizidi ni nyekundu kabisa. Ndani ya chembe nyekundu kuna glutathioni, nayo ni antioksidanti, nyingi mno, mara mamia ya ile ya kwenye plazma, kuna na katalezi na vimeng'enya vingine vya kazi hiyohiyo, kwa hiyo zikipasuka hata kidogo namba inaruka juu na mtu anaonekana ana kinga ya ajabu. Mimi plazma ya pinki naikataa, naandika sampuli irudiwe, na hapo ndo ugomvi na wodi unapoanza maana mgonjwa itabidi atobolewe tena. Sawa, tugombane.

Rangi ya kifuniko nayo watu wanaichukulia poa. Kuna kipimo maarufu cha jumla ya antioksidanti kinaitwa FRAP, kimetumika tangu 1996, chenyewe kinafanya kazi kwa kutumia madini ya chuma, na tyubu ya kifuniko cha zambarau ina EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, ambayo inayakamata madini hayohayo, sasa hapo unapima nini? Kwa FRAP tumia ya kijani yenye heparini, nayo inazuia kuganda, au nyekundu upate seramu, yani maji ya damu iliyoachwa igande.

Halafu hiyo namba yenyewe ya "jumla ya antioksidanti" ambayo makala yenu imeisifia sana. Kwenye FRAP zaidi ya nusu ya namba hiyo kwa kawaida inatokana na yurik asidi, taka ya mwili inayopanda kwenye gauti na figo zikichoka, yani mtu mwenye gauti, au ambaye figo zake zimechoka, anaweza akapata namba tamu kuliko jirani yake anayekula mchicha na machungwa kila siku. Kama yurik asidi haikupimwa pamoja hiyo karatasi haikwambii kitu. Vitamini E nayo inasafiri na mafuta ya kwenye damu, ukiisoma bila kolestro unadanganyika vilevile. Na vile vimashine vya kushika kiganjani vinavyodai kusoma mwili mzima bila hata tone la damu, hivyo sitaki hata kuviongelea.

Ombi langu, mkiandika tena wapeni wasomaji maswali ya kuuliza: nije sijala masaa mangapi, vidonge vya vitamini niache lini, damu inapimwa hapahapa au inasafirishwa, na ikisafirishwa inakaa kwenye nini. Anayepima vizuri hatakasirika kuulizwa.

Pia wapo siku hizi wanaowekewa dripu za vitamini C za dozi kubwa. Hao wapimwe G6PD kwanza, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, kwa sababu upungufu wake ni wa kawaida kwenye maeneo ya malaria kama huku kwetu na dripu hiyo inaweza kuwapasulia damu mwilini. Na kama mtu ana kisukari, baadhi ya vimashine vya kutoboa kidole vinahesabu vitamini C kama sukari, vinaonyesha sukari iko juu wakati haiko, mtu anaongezewa insulini anaanguka. Siku hiyo sukari yake ipimwe maabara.

Mtu wa maabara,
Dar es Salaam