Manispaa ikae na wakazi kabla ya kuvunja

Mhariri, naomba nafasi niseme kuhusu hili la kuendeleza upya mitaa ya zamani hapa Dar. Pale Magomeni Kota familia 644 zilivunjiwa nyumba zikatangatanga miaka kibao mpaka maghorofa yakazinduliwa Machi 2022, wakarudi, jambo zuri sana kwa kweli, ila ule muda wa kuhangaika nani atawarudishia?

Manispaa wasianze na katapila. Ramani ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, mkutano uitishwe Jumapili watu wakiwepo, kila kaya ipewe karatasi yenye muhuri inayosema itarudi lini na italipa shingapi, na wapangaji wa vyumba waandikwe pia maana hao ndo wanasahaulikaga.

Msomaji wenu, Dar es Salaam