Hojaji za Kiingereza zimetuchosha Malindi

Mhariri,

Sina mazoea ya kuandikia magazeti. Tangu nistaafu kufundisha Kiingereza nalisoma tu gazeti lako, naguna, kisha nalifungia samaki. Lakini ile taarifa yenu ya wanafunzi wa mwaka wa nne waliokuja huku kufanya utafiti, wakagundua eti watoto wa Malindi wanakiogopa Kiingereza, imenifika hapa. Mlizichapa asilimia zao kwa wino mzito na hakuna kati yenu aliyeuliza zilipatikanaje. Mimi najua, maana mmoja wao alipita kwangu.

Kijana mpole, shikamoo yake ya adabu, bahasha kwapani. Akanitolea hojaji ya kupima hofu ya kujifunza lugha, karatasi yenye kauli 33, kila moja na visanduku vitano, kuanzia "nakubali kabisa" hadi "sikubali kabisa". Nilizitambua hata kabla ya kuvaa miwani. Zilitungwa Marekani na Elaine Horwitz na wenzake, zikachapishwa mwaka 1986, nao walikuwa wakishughulika na wanafunzi wa chuo kikuu huko Texas walioanza kujifunza lugha za kigeni. Kwa kazi ile, chombo kizuri. Nikamuuliza, mwanangu, mimi mstaafu, hofu ya darasani nitaitoa wapi? "Mwalimu, we jaza tu. Nahitaji hamsini, na msimamizi anazitaka Jumatatu." Kisha, kwa upole uleule, akaniomba nijaze tatu, kwa kalamu tofauti! Nilipokataa akavuka barabara hadi stegi ya bodaboda. Nikamwona dereva mmoja amelaza karatasi juu ya tangi la pikipiki, anashusha tiki safu moja toka juu hadi chini bila kusoma, na abiria alipotokea akamwachia mwenzake amalizie. Kati ya kauli hizo ipo isemayo kwamba moyo wangu hudunda mwalimu anapotaka kuniita darasani. Yule bwana alikubali kabisa. Darasa gani? Mwalimu yupi? Huyo ndiye mtoto wa Malindi mliyemwandika, Mhariri, mwenye ndevu na deni la pikipiki.

Kinachoniuma ni kwamba maswali ya maana yamejaa tele huku na hakuna anayeyauliza. Katiba ya 2010 inakiita Kiingereza lugha rasmi, na wasomi waliomfuata mwanaisimu Braj Kachru wanatuweka katika duara la nchi ambazo Kiingereza ni lugha ya pili. Sawa. Basi njooni Kakuyuni. Mtoto anaamka na Kigiriama, anakuja mjini na Kiswahili, na Kiingereza anakisikia kinywani mwa mwalimu peke yake hadi kengele ilie. Kwake huyo ni lugha ya kigeni, vitabu viseme vitakavyo. Na katika mji huuhuu kuna vijana wa bichi wanaopatana bei ya vinyago kwa Kitaliano, wanatania kwa Kitaliano, wanaposa kwa Kitaliano, na wengi wao hawajakaa darasa la Kitaliano hata siku moja. Wataliano wamo kwetu tangu enzi za kituo chao cha San Marco pale Ngomeni, walipokuwa wakirusha setilaiti kutoka baharini kuanzia 1967, kisha yakafuata mahoteli na majumba. Kwa nini lugha iliyopitia ufukweni imeshika, na ile iliyopitia ubaoni miaka yote ya shule inamkwama mtoto kooni? Hiyo ndiyo projekti! Tena nyenzo zake ni masikio. Mwanaisimu Pit Corder alishaandika mwaka 1967 kwamba makosa ya mwanafunzi ni ushahidi wa mfumo anaoujenga kichwani, lakini hawa wetu wanayahesabu kama dhambi. Mtoto anayemtaja mamake kwa kiwakilishi cha kiume, "he", hajapotoka. Kiswahili na Kigiriama havijawahi kumdai atofautishe, na mtafiti mwenye subira angekaa naye aone ni lini anaanza kutofautisha na anakosea tena wapi.

Na tukiwa hapohapo, hizi saiba zilizobandika mlangoni "tunaandika projekti" zinasubiri nini kufungwa? Nililetewa projekti moja waliyomwandikia mwanafunzi niipitie. Sura ya pili inazungumzia Malindi, sura ya tatu inawahoji wanafunzi wa Kakamega, na hitimisho linaishauri serikali ya kaunti bila kusema ipi. Ilikuwa na jalada gumu na maandishi ya dhahabu. Ikapita.

Dawa ninayo. Vyuo vipige marufuku hojaji kwa mwaka mmoja. Kila mwanafunzi aombe ruhusa kwa wazazi na kwa mwalimu mkuu, arekodi kwa simu yake nusu saa ya watoto wakizungumza Kiingereza, kisha aiandike yote kwa mkono, neno kwa neno, pamoja na vikohozi na "eeeh" zote, kabla hajaruhusiwa kugusa sura ya kwanza. Msimamizi naye apande matatu aje aisikilize hukuhuku, kwa nauli yake. Kazi ikiisha, nakala moja iletwe kwa mwalimu mkuu wa shule iliyohojiwa, kwani katika miaka yangu yote ya kufundisha nilizijaza hizo karatasi kwa ajili yao na sijaona hata ukurasa mmoja ukirudi. Jalada likiwa laini tutalipokea.

Mwalimu mstaafu,
Malindi