Asante, mama wa khanga

Hatujuani majina. Jumanne ile jioni tulikaa kiti kimoja kwenye daladala la Mbagala, nami nina bahasha ya majibu mapajani. Katika kutafuta mtoto, nilikuwa nimejichoma sindano za homoni siku 11 mfululizo, nikatolewa mayai, nikapandikizwa kiinitete, yaani yai lililorutubishwa maabara, kisha nikasubiri wiki mbili ambazo kila kichomi kidogo cha tumbo nilikisikiliza kama habari. Kipimo cha damu kikasema hapana, sina mimba. Daktari alinieleza kwa dakika tano, akasema tutajaribu tena. Wa kuniuliza nalala vipi hakuwepo.

Mama, wewe hukuniuliza nina watoto wangapi. Hukunitajia mganga wala dawa ya mizizi. Ulitoa khanga moja begani ukanipa nijifute, ukasema, "Lia mwanangu, kituo bado." Halafu ukanyamaza nami, umenishika mkono, mpaka Rangi Tatu. Ukimya ule ndio niliouhitaji, maana nyumbani kila mtu ana ushauri, na mawifi wanahesabu miaka ya ndoa yangu kuliko ninavyoihesabu mimi.

Usiku ule nilimweleza mume wangu yote, naye akalia. Kumbe alikuwa anajikaza kwa ajili yangu! Sasa tunakwenda pamoja kwa mshauri nasaha.

Bado tuna viinitete viwili vilivyogandishwa. Ukipita Rangi Tatu ukaniona, niite tafadhali. Khanga yako ninayo, nimeifua na kuikunja.