Saa 6:00 asubuhi ni saa ngapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wanaotengeneza mifumo ya mtandaoni tunayoitumia huku Nyanda za Juu Kusini.

Mwezi uliopita nilimkatia mama tiketi ya basi la Dar es Salaam kwa simu. Mfumo wenyewe uko kwa Kiswahili, nikafurahi. Tiketi ikaja: "Kuondoka saa 6:00 asubuhi." Mama anahesabu saa kama alivyofundishwa na wazazi wake, akajua ni saa sita mchana. Alitoka Tukuyu mapema, akafika Uyole saa nne na nusu na mkungu wake wa ndizi, akaketi kusubiri. Basi lilikuwa limeshapita Makambako. Nauli ikapotea.

Maneno yalitafsiriwa, saa ikaachwa ya Kizungu. Kwetu hiyo ni saa kumi na mbili. Wangeandika "saa 12 asubuhi (06:00)", mama angepanda basi lake. Hata tarehe ni vivyo hivyo: 03/04 kwetu ni tarehe 3 Aprili, kwa Mmarekani ni Machi 4. Mwezi uandikwe kwa jina.

Kwenye mfumo mwingine, wa kupokea viazi, nilikuta "1 magunia imepokelewa". Aliyeunda sentensi hiyo ameunganisha vipande: namba, jina la kitu, kitenzi. Kiswahili hakiungwi hivyo. Gunia limepokelewa, magunia yamepokelewa. Mfuko umepokelewa, mifuko imepokelewa. Kila kitu kiandikiwe sentensi yake nzima, ya umoja na ya wingi.

Na jina la ukoo wetu lina ng', kama ya ng'ombe. Fomu inakikataa kile kialama cha juu. Nikikiondoa, jina halilingani na kitambulisho.

Kazi kubwa imeshafanywa. Unicode, shirika linaloweka viwango vya maandishi ya kompyuta, wanatoa bure hazina ya data za lugha iitwayo CLDR, yenye mpangilio wa Kiswahili cha Tanzania (sw-TZ) mbali na cha Kenya: majina ya miezi, tarehe, fedha, umoja na wingi. Ila upatanisho wa ngeli na saa zetu za Kiswahili havimo. Hivyo ni juu ya mtengenezaji mwenyewe. Kabla hajaufungua mfumo, aende stendi ya Uyole na tiketi moja ya majaribio, amwombe abiria yeyote mtu mzima amsomee basi linaondoka saa ngapi.

Mama anasafiri tena wiki ijayo. Safari hii nimempigia karani wa basi, anitajie saa kwa mdomo.

Msomaji wako,
Uyole, Mbeya