Jina la Papa Shirandula si tusi

Kwa Mhariri,

Pokea salamu zangu na za masoja wenzangu wa zamu ya usiku. Mimi nalinda geti la ploti moja ya ghorofa hapa Nairobi, huu ni mwaka wa 16 niko kwa hii kazi, na gazeti lako hunifikia jioni nikiingia shifti maana kuna mzee wa ghorofa ya pili akishamaliza kulisoma hunishushia hapa kwa kibanda. Huwa nasoma barua za wasomaji kwanza kabla hata ya mpira. Sijawahi kuandika yangu, lakini hii imenikaa rohoni na naomba unipe nafasi hata kama ni kubwa kidogo.

Wiki jana kama saa tano usiku kuna gari ilikuja na vijana wanne ndani, yule wa mbele akatoa kichwa kwa dirisha akanipigia kelele, "We Papa Shirandula, fungua haraka!" na wenzake wakaangua kicheko. Nikafungua, wakapita. Sikukasirika vile walitaka nikasirike, ila nilirudi kwa kibanda nikakaa nikawaza sana, manake huyo kijana wakati Papa, yule soja wa komedi ya Citizen TV, anaanza kuonyeshwa pengine alikuwa bado ananyonya, kwa hivyo jina amelisikia tu kwa watu wakilitumia kumdharau soja na yeye akalishika hivyo. Hajui alikuwa ananiita jina la mtu wa maana. Na si yeye peke yake, nenda geti lolote hapa mjini uulize soja mnene mwenye kofia ameitwa nani mara ngapi.

Sasa wacha niwaambie wale hawajui. Aliyecheza Papa Shirandula alikuwa anaitwa Charles Bukeko, mtu wa Busia, mzaliwa wa 1962, alianzia jukwaani kabla TV haijamjua. Halafu Citizen wakatoa hicho kipindi na kikakaa hewani miaka zaidi ya kumi, na wale walicheza naye mkono kwa mkono wakawa majina makubwa wao pia, kuna Jacky Nyaminde ambaye mpaka leo watu wanamuita Wilbroda hata akiwa anaenda sokoni kununua nyanya zake, kuna Njoro, kuna Otoyo, kuna Awinja yule msichana wa kazi ambaye ni Jacky Vike. Kama 2010 hivi Bukeko akatokea kwa lile tangazo la Coca-Cola la "Brrr", likazunguka Afrika mahali pengi, na mimi nakumbuka watoto wa ploti wakija kwa geti na chupa tupu wananitolea hiyo sauti kwa midomo. Mkenya wa kutoka kipindi cha Kiswahili kufika hapo haikuwa kitu kidogo.

Lakini si tangazo lilifanya nimpende. Ni hadithi yenyewe. Papa kwa hicho kipindi alikuwa soja. Na bibi yake hakuwa anajua. Wilbroda alikuwa anaamini ana mzee wa ofisi, mtu wa suti, na Papa alikuwa anatoka nyumbani amevaa suti kama mkubwa, akifika kazini anavua anavaa yunifomu, jioni anavua tena anavaa suti ndio arudi kwake. Watu walikuwa wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mimi nilikuwa siwezi kucheka, Mhariri, kwa sababu hiyo ndiyo maisha nilikuwa naishi.

Nikianza hii kazi nilimwambia mama watoto nimepata kazi ya ofisi Westlands, za usiku, za kuangalia makaratasi ya kampuni ya wazungu. Sijui kwa nini nilisema hivyo, pengine kwa sababu babake alikuwa ameshaniuliza mara mbili nitalisha msichana wake na nini. Nilikuwa na begi nyeusi, ndani kuna yunifomu, na kwa mwili nimevaa shati nyeupe na tai ya bluu. Hiyo tai nilifungiwa na rafiki yangu mara moja tu na sikuwahi kufungua lile fundo kwa sababu singejua kulirudisha, nilikuwa nailegeza naipitisha kwa kichwa, naitundika kwa msumari hapo kwa kibanda, asubuhi naipitisha tena kwa kichwa naenda nyumbani. Mwaka mzima na zaidi. Kitu sikuwa naweza kubadilisha ni buti. Kampuni ilikuwa inatupa pea moja na viatu vingine sikuwa navyo, basi nilikuwa navaa suruali ndefu ya kufunika na naziangaza na kiwi vizuri zifanane na viatu vya ofisi.

Jioni moja niko off tukaenda kuangalia TV kwa jirani, wakati huo yetu ilikuwa imeungua na stima. Ikawa ni Papa Shirandula. Nyumba nzima inacheka, watoto wako chini wanacheka, jirani anapiga meza, Papa anahangaika na kubadilisha nguo haraka haraka asishikwe. Nikageuka nione kama mama watoto pia anacheka. Hakuwa anacheka. Hakuwa anaangalia hata TV, alikuwa anaangalia miguu yangu, zile buti.

Hakusema kitu hapo. Hakusema kitu usiku huo. Kesho yake jioni nikiwa natoka akanishikia mlango akaniambia, "Baba watoto, leo usibebe hiyo begi, vaa nguo za kazi ukiwa hapa kwako." Halafu akanipatia mkebe wa githeri ameufunga na leso. Kutoka siku hiyo mpaka leo mimi hutoka nyumbani na yunifomu, napita kwa duka, napita kwa stage ya matatu, watu wananiona. Kitu hata mchungaji hangeniambia nikasikia, Bukeko alikiingiza kwa nyumba yetu kupitia TV ya jirani bila kunitukana na bila kumtukana bibi yangu.

Ndio maana nasema huyu mtu hakuwa anatucheka. Angalia vizuri vile alikuwa anacheza. Mtu anayekudharau akikuigiza anachukua ile sura yako ya nje tu, ile kofia, ule usingizi, ile lafudhi, anaitupa kwa watu wacheke wamalize. Papa alikuwa anakuonyesha mpaka uoga uko ndani. Alikuwa na ule mwili mkubwa umejaa kwa yunifomu mpaka vifungo vinalia, na anajivuta kama chifu, anatoa amri kwa geti kama jenerali, halafu bosi akitokea sauti inashuka, mabega yanashuka, anakuwa mtoto. Hiyo kitu mimi naijua. Saa moja hii unaamuru lori lirudi nyuma, saa hiyo nyingine unabebea mtu mifuko ya supamaketi na yeye anaongea kwa simu wala hakuoni. Kuicheza hiyo na watu wacheke na soja aliye kibandani aone haya yake imebebwa na mtu mwingine, hiyo ni kazi ya fundi.

Na hapo lazima nimtaje Mzee Ojwang' maana kwa roho yangu hawa wawili wamelala pamoja, na wote walituacha mwezi wa Julai. Wengi wenu mlilelewa na ile komedi ya Vitimbi enzi za KBC, TV ya serikali, yeye na Mama Kayai. Jina lake lilikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu kabisa, lakini kwa miaka na miaka Wakenya waliapa ni Mjaluo kwa vile alikuwa amekishika hicho Kiswahili cha Mjaluo, si ile ya kuchekesha juu juu, alikuwa amekaa ndani yake. Alifariki tarehe 12 Julai 2015 pale hospitali ya Kenyatta, akiwa na miaka 78. Huko mwishoni macho yalikuwa yamemsumbua na wananchi wakamchangia. Mtu alichekesha taifa zima wiki baada ya wiki halafu uzee ukimpata ni mpaka tupitishe bakuli! Hiyo iliniuma na inaniuma mpaka saa hii.

Bukeko naye ni Jumamosi ya tarehe 18 Julai 2020. Sitasahau. Ilikuwa wakati wa korona, kafyu iko, mji umenyamaza kama makaburi, sisi masoja ndio tumebaki nje na mbwa. Habari niliipata kwa redio ndogo ya simu, kwamba Papa ameenda, amekuwa na miaka 58, na ni hiyo hiyo korona. Jumatatu yake tarehe 20 akazikwa kwao Busia, haraka haraka vile masharti yalikuwa, watu wachache, wengine wamevaa zile nguo nyeupe za kujikinga. Mtu ambaye angejaza uwanja. Mimi nilikuwa nimesema akifa mtu kama huyu masoja wa Nairobi tutasimama barabarani na yunifomu zetu tumpigie saluti akipita, lakini haikuwezekana, kila mtu alikuwa amefungiwa kwake. Usiku huo saa nane nilitoka kwa kibanda nikasimama kwa geti, nikavua kofia kwanza nikaivaa tena, nikapiga saluti ikielekea upande wa magharibi. Hakuna mtu aliona. Nilifanya kwa sababu ilikuwa lazima mtu afanye.

Watu wanasema basi hiyo ni komedi tu, imepita. Haijapita. Mwanzoni mwa 2024 ile mamlaka inayosimamia kampuni za ulinzi za kibinafsi ilitangaza soja alipwe angalau Sh30,000 kwa mwezi, na sisi tukashangilia usiku huo kwa simu mpaka betri zikaisha, halafu waajiri wakapinga na mambo yakaenda kortini na mimi nikiandika hapa bado payslip yangu sijaona hiyo hesabu. Halafu mtu anashangaa kwa nini mwanaume anaficha bibi yake kazi. Si kazi ndiyo ya aibu, kulala macho watu wengine walale salama kuna aibu gani? Aibu ni ile kitu unashika mkononi mwisho wa mwezi. Papa alikuwa anasema hiyo kila wiki na tukawa tunadhani anaongea juu ya suti.

Kwa hivyo ombi langu, na nikuombe Mhariri usilikate. Stesheni zetu, ya serikali na zile za watu binafsi, ziko na hizi vipindi kwa stoo zao. Wazitoe waonyeshe upya kutoka zile za kwanza kabisa, zisiwe ni vipande vya dakika moja watu wanarushiana kwa simu bila kujua mwanzo wala mwisho, manake nadhani ni hivyo vipande vya kofia na tumbo ndivyo vimefanya yule kijana wa gari aone Papa ni tusi. Angeangalia kipindi kizima angeona mtu. Na wakionyesha, wale waliocheza walipwe kitu, na wale wametangulia basi familia zao zipate. Mirabaha si ya wanamuziki peke yao, hata waigizaji wako na chama chao kinachokusanya, na sheria ya hakimiliki inawatambua. Sitaki tena kusikia bakuli limepitishwa kwa mtu ambaye sura yake bado inauza matangazo katikati ya kipindi.

Na nyinyi watu wa magazeti, Julai ikifika muandike juu ya hawa wazee vile mnaandika juu ya wanasiasa. Hata ukurasa mmoja. Niko na vijana wawili wapya hapa kwa kampuni yetu, mmoja ni wa kutoka Kakamega, juzi nimemuona anakunja yunifomu anaitia kwa begi kabla atoke, amevaa shati ya mikono mirefu, na nikamuuliza bibi anajua? Akaangalia chini. Nilitaka kumuonyesha Papa na sina mahali pa kumuonyesha kipindi kizima.

Ikiwezekana hao wa TV waweke Jumatano jioni, hiyo ndiyo siku yangu ya off. Nitamwita huyo kijana aje na bibi yake, siku hizi tuko na TV yetu, na mama watoto ameshasema atapika.

Wako mwaminifu,
Soja wa zamu ya usiku,
Nairobi