Binamu, Durban usiishie beach

Binamu yangu, picha zako za beach nimeziona zote, umependeza mashallah, ila tangu uhamie huko Durban sijaona hata moja ya Chatsworth, ule mtaa wa nje kidogo ya mji, ndo maana nakuandikia hapa hadharani, najua Waswahili wenzetu kibao wapo hapo mjini na hii habari wengi hawaijui.

Wale wanaoitwa Wazanzibari wa Durban ni watu wetu. Mwaka 1873, mwaka uleule Sultani Barghash alipofunga soko la watumwa Unguja, manowari za Waingereza zilikuwa zinakamata majahazi ya watumwa huku baharini, sasa waliookolewa ikawa hawajui wawapeleke wapi na huko Natal, koloni la Waingereza ambako ndiko Durban ilipo, wazungu wanalia hawana vibarua, basi kuanzia Agosti mwaka huo mpaka 1880 mamia yao wakashushwa Durban. Wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, lakini kwa vile walipitia Zanzibar jina likawaganda. Na walipofika wakakabidhiwa kwa matajiri kwa mikataba ya kazi ya miaka. Yaani unatolewa pingu leo, kesho unapangiwa bosi usiyemjua. Mimi huo siuiti uhuru.

Baadaye wakajikusanya Bluff, kile kilima kinachokinga bandari, sehemu ya King's Rest, kwenye kiwanja ambacho wadhamini wa Kiislamu walikinunua 1899. Wakawa na msikiti wao, wakazika wazee wao, wakalea watoto kwa Kimakua. Afu ikaja sheria ya 1950 ya kugawa maeneo kwa rangi, Bluff ikawa ya wazungu. Serikali ikawaangalia watu hawa, weusi na Waislamu, ikakosa pa kuwaweka, mwisho ikawaandika "Waasia wengine" na mwanzoni mwa miaka ya 60 ikawahamishia Chatsworth kwa Wahindi. Mmakua, kwenye makaratasi Mwasia! Roho inaniuma nikifikiria mtu anaacha kaburi la mamake anapandishwa lori.

Sehemu zingine nazo nenda. Msikiti wa Ijumaa wa Grey Street (siku hizi Dr Yusuf Dadoo Street), pita ule uchochoro wa maduka ulio kati yake na kanisa kuu la Wakatoliki. Kwa Muhle, ofisi ya zamani walikokuwa wanapanga foleni Waafrika kuombea vibali vya kuishi mjini, sasa ni makumbusho. Na Ohlange kule Inanda, shule aliyoianzisha John Dube, rais wa kwanza wa chama cha ANC, ambako Mandela alipiga kura yake 1994, tangu 2024 imo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO.

Ila Chatsworth kwanza. Nenda Bayview, hukohuko Chatsworth, siku ya Ijumaa, swali nao, salimia wazee kwa adabu usiwatolee simu usoni, wakikuruhusu ndo urekodi, hasa nyimbo na majina ya vijiji walivyotoka babu zao. Bibi yetu upande wa mama ni Mmakua wa Masasi, na bado anasikia vizuri, nitamwekea asikilize.