Barua kwa Mwanangu Anayekuja kwa Pikipiki

Tabora, Jumapili jioni

Mwanangu Tausi,

Salaam nyingi kutoka kwangu na kwa mama yako. Sisi huku hatujambo, hofu ni kwako tu. Zamani maneno hayo tulikuwa tunayaandika kwa mazoea, unayapachika juu kabla hujaanza kuomba ada. Leo nimeyaandika kwa maana yake.

Utashangaa kuletewa karatasi na kondakta wa basi wakati baba yako ana simu. Wiki iliyopita nilikutumia sauti tatu, ndefu ndefu, na wewe ukajibu "sawa baba" kabla hata muda wa kusikiliza moja haujatimia. Nikamuuliza mdogo wako imekuwaje. Akacheka, akanionyesha kwamba siku hizi sauti inaongezwa mwendo, akanichezea ya kwangu. Nikajisikia naongea kama dalali wa mnadani. Haya, na hii nione utaikimbiza kwa kitufe gani.

Ramani yenu uliyoiweka WhatsApp nimeiona. Pikipiki saba, Dar mpaka Kigoma, siku tatu, mnaondoka Ijumaa. Siku ya kwanza mnalala Dodoma. Ya pili mnalala Urambo. Tabora mmeandika "mafuta na chai, dakika 40". Nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Urambo ni kama kilometa 90 mbele ya nyumbani kwenu, Tausi. Mama yako sijamwonyesha. Yeye anajua unakuja kulala na kuku ameshamtenga. Hilo mtamalizana wenyewe, mimi simo.

Langu ni moja. Pale chini mmegawana kazi: nani anatangulia, nani anabeba vifaa vya kuziba pancha, nani ana dawa. Jina lako limekuja mwishoni, limeandikwa "nyuma". Nilipokupigia ukaniambia kwa madaha kabisa kwamba nyuma hawekwi mtu wa hivi hivi, anawekwa mzoefu, ndiye anayewaangalia wenzake. Nikasema hongera. Simu ilipokatika nikabaki nimekaa pale barazani mpaka mbu wakanifukuza. Wewe unawaangalia wenzako sita. Wewe unaangaliwa na nani?

Umekulia stesheni, najua, lakini ulichokuwa unakiona ni kengele na bendera. Kazi yenyewe ilikuwa mezani, kwenye ile simu ya sanduku la mbao ya kuzungusha kwa mkono. Mimi niko stesheni ya Goweko, nina treni inataka kuondoka. Siiachii. Nazungusha simu, namwita mwenzangu wa stesheni ya Igalula, namuuliza kama njia ni tupu na kama yuko tayari kuipokea. Akikubali ananipa namba, naiandika kwenye karatasi, na karatasi anakabidhiwa dereva mkononi. Bila ile karatasi dereva hata awe mjomba wako haondoki. Ikishatoka nampigia tena: imetoka saa nane na dakika kumi. Kuanzia hapo yule bwana wa Igalula ana mgeni njiani. Kama ni usingizi unakatika, kama ni ugali unapoa.

Sasa sikiliza. Treni ikiingia, yeye haangalii injini. Injini inajitangaza yenyewe, inapiga honi tangu mbali, kila mtoto wa kijiji anaijua. Anayetazamwa ni behewa la mwisho. Usiku kuna taa nyekundu pale nyuma, mchana kuna alama yake. Akishaiona ndipo anazungusha simu na kuniambia imefika. Asipoiona haijafika, hata kama dereva ameshashuka anakunywa maji. Maana nusu ya mabehewa inaweza kuwa imekatikia porini, na mimi huku nikijua njia ni tupu naachia nyingine. Ile ajali ya treni ya Juni 2002, ya kule Igandu, sina haja ya kukueleza. Uliniona niliporudi nyumbani.

Ndiyo maana neno "nyuma" limenikaa kooni.

Usinijibu kwamba kuna lokesheni. Nimejifunza hiyo lokesheni, mdogo wako amenifundisha na mengine nimeyasoma. Simu yako inajua ilipo kwa satelaiti, hata katikati ya pori inajua. Lakini inachokijua hakinifikii mimi mpaka ipate mnara wa kukirusha. Ukishaiacha Itigi kuna vipande virefu utakuwa wewe, miyombo na nyuki. Huku kwangu kidoti chako kitasimama pale kilipoonekana mara ya mwisho, kizuri, cha buluu, kimetulia. Mwaka jana ulipokwenda Iringa kilisimama Mikumi saa mbili nzima, katikati ya mbuga ya wanyama! Baadaye ukasema "baba nilikuwa nakula". Sawa, ulikuwa unakula. Lakini anayekula na aliyelala mtaroni, kidoti chao ni kimoja.

Na wenzako wale sita wapo mbele, wana helmeti, wana upepo masikioni, wanatazama mbele kama ipasavyo. Wakifika kituo cha mafuta watavua glovu, watanunua soda, watapiga picha. Baada ya dakika ngapi mmoja atauliza Tausi yuko wapi? Hilo ndilo swali ninalotaka uwaulize kabla hamjawasha hizo pikipiki, na jibu uniletee mimi.

Usije ukaenda kuwaambia wenzako kwamba mzee anaogopa vitu vipya. Nani alikuwa wa kwanza mtaa huu kupanda treni ya umeme? Ile tiketi ya Dar mpaka Dodoma uliyonikatia bado ninayo kwenye kitabu. Nilikaa dirishani nikaangalia namba zikipanda mpaka 160 kwa saa na maji kwenye chupa hayatikisiki. Reli yetu ya zamani ina upana wa milimita 1,000, ile mpya 1,435, na tofauti hiyo ukiwa umekaa unaisikia mgongoni. Safari tuliyokuwa tunaimaliza kwa usiku mzima na mifupa kulia, nikaimaliza kabla sijapata njaa. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, kana kwamba nimewasaliti watu. Tulipofika Dodoma nikabaki jukwaani nione behewa la mwisho likiingia. Mlinzi akaja akaniambia, "Mzee wangu, songa mbele, njia ya kutokea ni huku." Ningemwelezaje? Na kule kwenye hiyo treni mpya kuna chumba ambako watu wamekaa wanaona kila treni ilipo muda wote. Kitu kipya kabisa, na bado wameweka mtu wa kutazama. Ninyi pikipiki saba hamna chumba.

Video yako ukipanda Kitonga nimewaonyesha wazee wa kahawa. Mmoja akaniuliza, huyu ni kijana wako yupi? Nikamwambia ni Tausi. Akanyamaza, akaomba niirudie. Nikairudia mara nne, bando likaisha. Usidhani sioni raha. Ila na mimi niulize: mtu mwenye kazi yake ya uhasibu, amekaa ofisini kwenye kiyoyozi, anachukua hela ya kiwanja ananunua pikipiki kubwa ya kutafutia vumbi? Tulisafiri kwa sababu tulihamishwa, au kuna msiba, au mtu anakwenda kuoa. Kusafiri ili usafiri tu, hilo limekuja na ninyi. Mama yako anasema umenirithi mimi niliyekuwa naandika treni kwenye daftari siku za mapumziko. Sikumjibu. Daftari bado naandika, kama unataka kujua. Treni ya Mwanza jana imechelewa.

Jingine ni hilo jaketi jeusi. Na pikipiki yenyewe bluu. Mbung'o wanapenda kitu kikubwa kinachotembea, na kwa rangi hizo mbili ndiyo kabisa. Vile vitambaa vya bluu na vyeusi vinavyotundikwa kwenye mapori ni mitego yao. Wewe utakuwa mtego wenye magurudumu. Mkisimama njiani, shusha kioo cha helmeti na usikae sana. Jioni pia usiendeshe, ng'ombe hawana taa. Na namba yangu ya simu, unaijua kwa kichwa? Sema ukweli. Iandike kwenye karatasi, ikae mfukoni, si ndani ya simu.

Nimekuchorea jedwali, liko nyuma ya karatasi hii: Dodoma, Manyoni, Itigi, Tabora, Urambo. Mahali pa saa ya kutoka, mahali pa saa ya kufika, na mahali pa kuandika nani amemwona wa mwisho. Wape wenzako. Wakicheka waache wacheke, ila walijaze. Anayetangulia asiondoke kituoni mpaka amekuona wewe kwa macho yake. Si kuambiwa, kuona.

Na kuna jambo nimelifanya, usikasirike. Nina mzee mwenzangu tuliyefanya kazi pamoja, anaishi Itigi. Jumamosi kuanzia saa nne asubuhi atakuwa kwenye kibanda cha chai kando ya barabara. Ana koti lake la reli la zamani, la bluu limepauka, utamjua. Nimemwambia ahesabu mpaka saba. Usimpite kwa mwendo, mpungie mkono hata kama mna haraka. Atanipigia yeye. Simu yake ni ya vitufe, inakaa na chaji siku tano.

Ile ya Manyoni sitaizungumza, wewe unaijua kuliko mimi, wewe ndiye uliyekaa pale jukwaani. Ila miaka yote nimekuambia kwamba simu ya stesheni ilikuwa mbovu. Simu ilikuwa nzima.

Mabati yamefika. Nimenunua kumi. Najua ulituma hela ya ishirini, na najua utauliza, kwa hiyo nakujibu kabla: upande wa jikoni haukuwa unavuja kiasi hicho, na ile simu yangu ya zamani ilikuwa haionyeshi ramani. Mama yako anaamini bei ya bati imepanda. Imepanda kweli, lakini si hivyo. Mvua zikianza tutahamisha magunia ya mpunga kwenye chumba chako, ndiyo sababu nyingine ningependa ulale hapa usiku mmoja, uone kitanda chako kinavyofukiwa.

Luku inatusumbua kidogo. Tangu ile 2024 tulipotakiwa kuingiza namba 20 mara tatu mfululizo, kitufe cha tano kimelegea. Nikipata umeme wenye tano nyingi ni vita. Mdogo wako anatumia ncha ya kalamu. Yeye mwenyewe yupo, anashinda na simu, anasema anajifunza kutengeneza video. Amenitengeneza mimi nikimwagilia mchicha, ameweka muziki. Watu wengi sijui wameipenda. Muulize anapata nini, maana mimi akinieleza naelewa nusu, halafu naona haya kuuliza tena.

Magoti ya mama yako ni yale yale. Anakataa kwenda hospitali mpaka uje, anasema wewe unajua kuongea na madaktari. Mbuzi mwekundu amezaa pacha, mmoja ni dhaifu, tunamnywesha kwa chupa. Asali ya jirani nimekuwekea lita tano, ya miyombo, nyeusi, si hii ya kuchanganya na sukari. Sijui utaibeba wapi kwenye pikipiki. Fikiria.

Saa ya ukutani imesimama tangu Jumanne. Njoo na betri, ile ndogo, moja tu, za hapa dukani hazikai. Sipendi kuwa sina saa Jumamosi.

Basi mwanangu. Mkono unauma, sijaandika kurasa nyingi hivi tangu nilipostaafu. Wasalimie hao sita, na huyo anayetangulia mwambie baba yake Tausi anamsalimia yeye peke yake mara mbili.

Ni mimi baba yako.

Nimesahau: kuku nimemwambia mama yako asimchinje kwanza, asubiri nipigiwe simu kutoka Itigi. Kutoka Itigi mpaka hapa, mkienda vizuri, ni saa tatu. Kuku wa kienyeji anataka mbili.